Gari Lako Lipo Juu ya Stendi

Sauda,

Gari lako lipo juu ya stendi hapa uani. Nyuma imenyanyuliwa, magurudumu mawili yananing'inia kama miguu ya mtoto aliyekalia kiti cha watu wazima, na zile linki mbili za stabilaiza, vile vyuma vifupi vinavyoishikilia ile fimbo ya nyuma, nimezifungua nikazitia kwenye sahani ya bati. Sahani ipo chini ya kitanda changu. Kwa hiyo usinipekulie nyumba alfajiri ukitafuta ufunguo. Ufunguo upo palepale ulipouacha, juu ya friji. Kisichoenda ni gari.

Najua utakachosema. "Mama wewe! Hata siku ya mwisho?" Ndiyo, hata siku ya mwisho. Tangu Alhamisi unanipita jikoni kama mpangaji anayempita mwenye nyumba: salaam aleikum, halafu mlango. Mimi kubembeleza sijui. Nimeshika gari kwa sababu ndilo ninalojua kulishika.

Habari za chandarua na maji ya kunywa sitakuandikia. Shangazi yako Hawa amekutumia yote hayo kwenye simu, na najua hukuyasoma. Mimi nina hasira, na nataka uondoke ukijua ni hasira ya nini, maana ukiondoka hivihivi utafika Arua kwenye hiyo kazi yako mpya ukidhani mama yako alikuchukia kwa sababu ya springi.

Basi tuanze na hizo springi.

Alhamisi nilikuwa natoka Bombo kwenye arobaini ya mama mdogo. Hukuwepo, kwa hiyo hukusikia niliyolishwa kule pamoja na pilau. "Sauda anakwenda Arua? Na nani?" Nikasema anakwenda peke yake, na gari lake. "Nani anamwendeshea?" Nikasema ana mikono miwili. Mjomba wako akaweka kikombe chini, akajifuta ndevu, akasema mbele ya watu: "Mama alijizika chini ya magari, sasa binti anaendesha mpaka mpakani. Nyumba yenu hiyo, wanaume walikosea njia ya kuingilia?" Wakacheka. Wale wale ambao magari yao nayatengeneza kwa bei ya undugu, yaani bei ya asante. Nikameza. Nikameza mpaka Kawempe, nikameza mpaka mjini, nikapanda teksi ya Banda bado nameza. Nikashuka mlangoni pa gereji yangu, na kitu cha kwanza kuona ni gari lako limelala chini kama kuku anayeatamia.

Nilikuacha na gari lenye kimo cha kupita matuta ya Luwero, nikakuta gari la kwenda harusini.

Sikukuuliza vizuri. Nakumbuka nilivyouliza.

"Nani amekata springi?"

"Hakuna aliyekata, Mama."

"Sijauliza kama zimekatwa. Nimeuliza nani."

"Mama, sikiliza kwanza, hizi ni..."

"Miaka minne umekaa darasani hapo Kyambogo, halafu unarudi kufanya kazi ya wahuni wa grainda! Unataka kufia njiani huko Karuma gari likiwa limependeza?"

Yule kijana wa boda anayeegesha pale kwa muuza chai akapiga kelele, "Banange, Hajjati leo amekuja na moto!" Watu wakacheka. Unajua wanavyoniita Hajjati na sijawahi hata kupanda ndege. Wewe ukafuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, ukakikunja kile kitambaa vizuri kama unakiweka kabatini, ukaondoka. Ulivyokikunja kile kitambaa ndivyo ninavyokunja mimi. Hilo nililiona na halikunisaidia.

Ulipoondoka Okello akachuchumaa, akapitisha kidole mwisho wa ile springi. Okello amekaa na mimi tangu hujaota meno ya mbele ya pili, na hasemi neno mpaka alipime. Akasema, "Madam, hii haiko ya kukata. Hii iko fupi ya kiwanda. Angalia mwisho wake."

Nikaangalia. Springi iliyokatwa kwa grainda mwisho wake huwa mkali na umeungua, rangi ya buluu buluu. Hii ilikuwa laini, imepakwa rangi mpaka ncha. Nililiona hilo Alhamisi ile ile, saa ile ile, na wewe hujafika hata barabarani.

Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Rudi kazini."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, Sauda. Nusu yake ni yako na nakuja kukupa. Hiyo nusu nyingine niache niipeleke inakostahili.

Unajua nilianza wapi. Lakini unaijua kama hadithi, na mimi naijua kwa vidole. Nilianza kando ya barabara ya Port Bell na kisu, kipande cha sabuni, na tairi kuukuu la lori. Nilikuwa nachonga bushi, ule mpira unaokaa katikati ya vyuma viwili visigongane. Unakata mpira, unauzungusha, unatoboa, unapaka sabuni ili uingie kwenye chuma, mafundi wanakuja wananunua kwa sababu bushi ya dukani ilikuwa bei ya mbuzi. Baadaye nikaona: kwa nini nimuuzie fundi, naye amtoze mwenye gari mara sita? Nikaanza kufunga mwenyewe. Mwanamke, na gauni, na suruali ndani ya gauni, chini ya gari. Wakaja kuniangalia kama wanaangalia ajali.

Na bushi zangu zikawa zinapasuka. Mwezi mmoja, miezi miwili, mteja huyo anarudi. "Nyabo, mpira wako umeoza." Nikagombana na wauza matairi wote wa Luzira. Nikasema wananiuzia mpira uliokaa juani. Nikabadilisha tairi, nikabadilisha kisu, nikabadilisha sabuni! Zikaendelea kupasuka, na kila iliyopasuka ilikuwa ni kinywa kimoja kinachonitangaza vibaya.

Halafu siku moja jirani akaja kuchukua jeki yake katikati ya kazi. Nilikuwa nimeiazima, hakuniongoja nimalize. "Naitaka sasa hivi, Mama Sauda, nina safari." Gari lilikuwa juu, bolti nimezishika kwa mkono tu, bado sijakaza. Nikalishusha hivyo hivyo na matusi yangu mdomoni. Nikaingia chini likiwa limesimama kwenye magurudumu yake, nikakaza nikiwa nimelala kwenye tope, pua inagusa chuma.

Zile bushi zilidumu miaka miwili.

Mpira ulikuwa mzima siku zote. Mimi ndiye nilikuwa nakaza gari likiwa linaning'inia. Unakaza, bushi inajishika katika mkao ule wa hewani. Unashusha gari, uzito unakuja, bushi inapindwa tangu siku ya kwanza hata kabla haijaona shimo moja. Inapasuka, nawe unalaumu mpira. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nilifundishwa na jirani mwenye roho mbaya, na mpaka leo sijamshukuru, na simshukuru.

Wewe nilikufundisha ukiwa darasa la tano. Weka bolti zote, zishike kwa mkono, shusha, pakia uzito, tikisa, ndipo ukaze. Nilidhani nafundisha magari tu. Usinifanye niseme zaidi ya hapo.

Sasa lile geti.

Ulipokuwa mwaka wa pili chuoni ulirudi likizo, ukasimama mlangoni na begi mgongoni, ukawa unaangalia geti letu kama unalisoma. Umelikamata geti hilo tangu unajifunza kusimama. Ukaniuliza, "Mama, hizi nondo za geti zilitoka wapi?" Nikakuambia gereji. Ukasema, "Hizi si nondo. Hizi ni stabilaiza." Ukaanza kugusa moja moja mpaka mwisho, halafu ukasema lile neno: "Mama, haya ni magari thelathini na sita."

Hukusema fimbo thelathini na sita. Ulisema magari.

Nilikukasirikia wiki nzima. Nilikuambia geti halina kosa, mwizi hajawahi kupita. Lakini ulikuwa umeshaniambia nilichokijua. Stabilaiza, ile fimbo inayofunga gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale upande linapokata kona, ndiyo kitu cha kwanza kupiga kelele kwa mashimo ya Kampala. Linki zake zinalegea, zinagonga, ko ko ko, mwenye gari anakosa usingizi. Anakuja. Linki mpya ghali. Anakuambia, "Hajjati, si unitolee tu?" Nawe unatoa fimbo yote, gari linakuwa kimya kama msikiti saa nne asubuhi. Anakusifu mtaa mzima. Mimi nilijulikana hivyo! Gereji ya Hajjati, gari likitoka pale halilii. Fimbo zinabaki nyuma ya gereji, chuma kizuri cha springi, na mimi nilikuwa sina geti.

Yule mwalimu wa Kyambogo unamkumbuka, mrefu, aliyekuwa akikuletea vitabu. Alikwepa mbuzi barabara ya Jinja, mwendo wa kawaida tu, gari likalala upande likaenda mtaroni. Alivunjika mfupa wa bega. Alipopona akaliburuta gari mpaka kwangu, mkono bado umefungwa, akasema, "Hajjati, nirudishie kama ulivyolifanya mwanzo. Lilikuwa kimya sana."

Nilimwekea fimbo. Ya kwake ilikuwa tayari ya tatu kutoka kushoto kwenye geti, nikamtafutia nyingine. Nilimwambia kwa nini, na aliendelea kuja, kitu ambacho mpaka leo sikielewi. Tangu siku hiyo sitoi fimbo ya mtu, na wateja niliowapoteza kwa hilo wangejaza teksi mbili za abiria kumi na wanne. Watu hawalipi ubovu uondoke. Wanalipa kelele iishe. Huko Arua utakuwa na magari kumi na moja ya kampuni ya visima, na madereva kumi na mmoja watakuja mmoja mmoja, "Madam, toa tu hii kitu, inatusumbua." Utaona wanavyoomba vizuri.

Na si magari tu. Nimetoa watu wengi kwenye maisha yangu kwa sababu walikuwa wanagonga. Baba yako alikuwa anagonga, Mungu amrehemu. Miaka yake miwili ya mwisho hatukulala nyumba moja, na kosa lake kubwa lilikuwa kuniuliza ninarudi saa ngapi. Mjomba wako ningemtoa zamani kama si mazishi yanayotukutanisha. Nyumba yangu ikawa kimya sana. Alhamisi nilikuwa nakutoa wewe, mbele ya boda na muuza chai, na nilikuwa nakutoa haraka, kwa mazoea, kama mtu anayeijua bolti iko wapi.

Basi. Hiyo ndiyo nusu isiyokuwa yako. Sasa pokea ya kwako.

Ijumaa ulipokwenda kuwaaga wenzako chuoni ulitembea kwa miguu ili usiniombe chochote, ukaacha gari. Nililichukua. Usishtuke, nimeweka mafuta.

Nilitaka linichukize. Nilishuka nalo kilima cha Mbuya kwa moyo mbaya kabisa, natafuta kosa. Na halikunipa. Ile kona ya chini ambapo kila gari linainamia mtaroni kama mlevi, lako lilipita limenyooka. Nikageuka, nikapanda, nikashuka tena. Usukani ulikuwa unajibu kabla sijamaliza kuuliza. Sijawahi kuendesha kitu kama kile, na mimi nimeendesha kila takataka iliyopita Banda. Nilikuwa peke yangu ndani ya gari nikasema kwa sauti, "Ala, mtoto huyu!" Halafu nikakasirika zaidi, maana nilikuwa sina wa kumwambia.

Lakini nilikuwa peke yangu, Sauda. Gari tupu. Kesho haliendi tupu.

Nikaenda kwa rafiki yangu muuza mbao kule karibu na Luzira, ana uwanja mpana, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nikaazima magunia manne ya posho, unga wa mahindi, kilo hamsini kila moja, nikayapanga nyuma. Mia mbili. Nikazunguka uwanja kwa mwendo wa arobaini, nikakata kona kama mtu anayemkwepa mbuzi. Mkia ukatoka. Haukuaga, haukutikisika kwanza. Ulitoka tu, nikajikuta naangalia nilikotoka. Yule muuza mbao akapiga kelele, "Hajjati, unacheza dansi au umelogwa?" Nikarudia kwa thelathini na tano. Ukatoka tena.

Sasa nakurudishia hesabu yako mwenyewe. Wewe ndiye uliyenifundisha, kwa kalamu, kwenye karatasi iliyofungiwa chapati: ugumu wa fimbo ya duara haufuati unene, unafuata unene kwa unene kwa unene kwa unene. Nilikubishia usiku kucha. Kiwandani walikuwekea nyuma fimbo ya milimita kumi na saba. Wewe umeweka ishirini na mbili. Okello anasema, "Tano tu, Madam." Tano tu! Fanya hesabu. Mara mbili na nukta nane. Umeikaza nyuma karibu mara tatu na mbele hujagusa. Juu yake umeweka springi fupi kwa milimita thelathini, zile zile ulizozipunguzia nafasi ya kushuka ndizo utakazozibebesha godoro, mtungi wa gesi, sanduku la vitabu, na gunia la mchele ambalo shangazi yako hakukuuliza kama unalitaka. Tupu, gari lako ni zuri kuliko langu. Likijaa, nyuma inakaa juu ya mpira wa mwisho, ule wa kuzuia chuma kisigonge chuma, na fimbo yako inalivuta gurudumu la ndani kutoka barabarani. Na huko njiani hutapishana na mbuzi. Utapishana na basi, linalopita basi jingine, linakuja upande wako likiwasha taa, nawe utatupa gurudumu moja nje ya lami mahali ambapo lami imekatika kama mkate. Gurudumu moja likianguka, fimbo nene inalitikisa na mwenzake.

Ulipima gari. Hukupima safari. Hilo ndilo kosa lako, na ni moja tu, na nimekuandikia kwa namba ili usiseme Mama ana kelele.

Nikiwa pale uwanjani niliangalia ncha za fimbo yako nikaona zina matundu mawili. Umefunga linki kwenye tundu la ndani, la ugumu. Mimi daima nina spana. Nikahamisha linki kwenye tundu la nje, nikashusha, nikatikisa, nikakaza, nikazunguka tena na magunia yale yale. Mkia ulitaka kutoka, lakini ulibisha hodi kwanza. Nilikuwa na muda wa kuurudisha. Halafu nikarudisha linki kwenye tundu lako la ndani. Usidhani ni kwa heshima. Sikutaka ujue nimeliendesha.

Leo mchana niliwakusanya vijana gereji, pamoja na yule wa boda, na muuza chai, nikasema: "Springi za Sauda hazikukatwa. Mimi nilisema zimekatwa. Nilikosea." Nimesema pale pale nilipokutukania, kwa sauti ile ile. Okello akasema, "Madam, hiyo tulijua tangu Alhamisi." Yule wa boda akauliza kama leo kuna sherehe ya bure. Ningekuambia wewe uso kwa uso, lakini wewe na mlango mmekuwa marafiki.

Halafu jioni nikaharibu tena. Nilimwita Okello hapa nyumbani aje na stendi, na ile fimbo yako ya zamani ya kumi na saba. Nikamwambia, "Toa hiyo nene, rudisha hii, kabla hajarudi kutoka kwa shangazi yake." Nilijiambia ukifika Arua salama utanishukuru, na usiponishukuru angalau utakuwa umefika.

Okello aliweka stendi, akanyanyua nyuma, halafu akakaa chini kwenye saruji. "Madam, mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe ni mtoto wangu."

"Mimi siwezi fungua gari ya mtu na mwenyewe hayuko. Ile benchi uliweka wewe."

Unaijua hiyo benchi. Gereji nyingine za Kampala mwenye gari hukaa juu ya tairi, jasho linamtoka, anamchunga fundi asimbadilishie shokapu nzima kwa mbovu. Mimi ndiye niliyesema kwangu atakaa kwenye benchi, kivulini, karibu, aone kila bolti inayotoka, na asipokuwepo hakuna spana inayogusa. Hiyo ndiyo iliyonijengea nyumba, kuliko kimya, kuliko kitu chochote. Na leo nilikuwa uani kwangu, nimemwagiza mtu afungue gari la mtu kwa siri, kwa sababu mwenye gari nilimzaa.

Nikamtukana Okello. Akasema, "Kale, Madam, sawa," akaenda zake, akaniachia stendi. Nikaingia chini mwenyewe. Nikafungua linki ya kulia. Nikafungua ya kushoto. Kisha nikashika bolti ya mabano ya fimbo yenyewe, na mkono ukakataa. Siwezi kukueleza vizuri zaidi ya hapo. Nililala pale naangalia kazi yako. Umezipaka bushi grisi mpaka pembeni, na kila bolti umeitia alama ya rangi nyeupe kuonyesha imekazwa. Mimi sikukufundisha alama ya rangi. Ni kazi safi, Sauda. Ni kazi ya mtu anayekwenda.

Ile fimbo ya kumi na saba imeegemea geti. Nikitazama kutoka hapa nilipoketi, inafanana na zile thelathini na sita. Sitaki iwe ya thelathini na saba.

Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyo. Gari lipo juu, linki zipo kwenye sahani, na fimbo mbili zote zipo, nene na nyembamba. Nene ina matundu mawili. Hiyo ni mikao mitatu. Mimi nimekuambia ninaoutaka, ule wa fimbo nyembamba, na nimekupa hesabu. Ukitaka kunibishia, nibishie kwa hesabu. Ukisoma hii usinijie na machozi, njoo na spana ya kumi na nne, yangu imeliwa mdomo. Funga unavyoona, kwa mkono tu. Tutashusha gari. Halafu tutapakia mizigo yote, mpaka gunia la shangazi, na wewe utalitikisa mpaka litulie. Gari likishasimama na uzito wake wote ndipo utaingia chini ukaze. Wewe. Mimi sikazi tena chochote chako, nimeshakaza vya kutosha, na vingine nilivikaza mapema.

Benchi nimeshaitoa, nimeiweka chini ya taa ya ukutani, karibu, kila bolti inaonekana. Safari hii nitaikalia mimi.

Kunyamaza sijaahidi.

Mama